Mandhari Si Pazia: Ukungu wa Waingereza na Mlima Usio na Kilele

Katika vitabu vyetu vya uhakiki mandhari hupewa mstari mmoja. Utaukuta chini ya kichwa "Fani", umebanwa baada ya wahusika na kabla ya jina la kitabu: "Mandhari ni ya Uingereza, milimani, penye baridi na ukungu." Basi. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anapata maksi zake mbili. Na maksi sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba wengi wetu tunaoleta hadithi katika kurasa kama hizi tumetoka shule na mstari huo kichwani, na sasa tunauandikia.

Msomaji, utaniambia natia chumvi. Haya, chukua hadithi kumi za vijana wenzetu, fungua ukurasa wa kwanza wa kila moja, kisha hesabu zile zinazoanza na ukungu uliotanda na upepo unaovuma kwa huzuni. Mhusika anakaa Magomeni, ni mwezi wa pili, saa nane mchana, jua linatoboa bati. Ukungu umetoka wapi, jamani? Umetoka vitabuni. Umetoka kwenye vilima vya kaskazini na magharibi ya Uingereza, ukapita kwenye riwaya tulizosomeshwa, ukateremka mpaka Magomeni bila hata kulipa nauli. Hebu tuufuate kwao tuone unafanya kazi gani huko.

Tukianza na jina lenyewe, tunakwama. Waingereza wana neno fupi, "moor", na kila mmoja wao akilisikia anaona kitu kilekile. Sisi je? Nyika ni pakavu, pana miiba. Mbuga inakaribia kidogo, maana kuna mahali bara ambako mbuga ni uwanda wa udongo mweusi unaoshika maji; lakini siku hizi ukisema mbuga mtu anaona simba na gari la watalii. Kinamasi ni pabichi, sawa, ila kiko chini bondeni, wakati kitu hiki kiko juu, kwenye mgongo wa kilima, na hata hivyo kimelowa. Katika riwaya ya watoto ya Frances Hodgson Burnett, The Secret Garden ya mwaka 1911, binti aliyelelewa India anafika Yorkshire usiku na kuuliza swali ambalo sisi tungeuliza: hiki ni nini? Anajibiwa kwa kuambiwa kwanza kisivyokuwa. Si bahari, si mlima, si mashamba. Nampenda Burnett kwa hilo. Anajua kwamba msomaji mgeni hapewi neno halafu akaachwa nalo gizani.

Na sisi si wageni kabisa. Anayepanda Kilimanjaro akishautoka msitu, kabla hajafika kwenye jangwa la mawe, hupita ukanda wa vichaka vya erika na nyasi za mafungumafungu, wenye mawingu na baridi. Wataalamu wa mimea wanauita ukanda huo kwa neno hilohilo la Kiingereza. Kile kichaka kifupi chenye maua ya zambarau ambacho kila riwaya ya Kiingereza inakitaja ni cha ukoo mmoja na erika wetu. Basi kwa makala haya nitasema "nyika ya mlimani", na kichaka nitakiita erika, mpaka atokee mwenye neno bora.

Nimechagua kilima kimoja, Kinder Scout, katikati ya Uingereza, kati ya majiji ya Manchester na Sheffield. Sijakipanda. Ninacho kwenye ramani, ile ya skeli ya 1:25,000 inayoonyesha kila ukuta wa mawe na kila kijito, na nimeisoma kama ninavyosoma riwaya, mezani, nikirudia palepale.

Kitu cha kwanza kinachochekesha ni urefu: mita 636. Mkazi wa Dodoma analala usingizi wake mahali palipo juu zaidi ya hapo. Cha pili, mlima huu hauna kilele. Ukishapanda kingo zake, ambazo kweli ni kali na zina miamba, unatokea kwenye uwanda wa juu, mpana, karibu bapa, na sehemu iliyo juu kuliko zote ni kirundo cha mawe katikati ya matope meusi ambacho unaweza kupita pembeni yake usikijue. Hakuna pa kusimama ukapiga picha umeweka mikono kiunoni. Mlima wa namna hii ni mtihani mkubwa kwa mwandishi, maana tumezoea mhusika apande, afike, aone, aelewe. Kinder unapanda, halafu unaanza kupotea.

Unapotelea kwenye nini? Kwenye udongo unaoitwa piti. Mvua inanyesha sana, maji hayana pa kwenda, mimea inakufa lakini haiozi sawasawa kwa kukosa hewa, inalaliana mwaka hadi mwaka kwa maelfu ya miaka, mpaka imekuwa godoro jeusi ambalo mahali pengine lina kina cha mita tatu na zaidi. Maji yamelikata godoro hilo kwa makorongo, na ukiingia ndani ya korongo huoni ng'ambo. Unatembea kama panya kwenye mfereji. Maji yanayotoka humo yana rangi ya chai ya rangi, nayo yanakusanyika yakamwagika ukingoni upande wa magharibi kwa maporomoko ya kama mita 30, Kinder Downfall. Upepo wa magharibi ukivuma kwa nguvu unayapiga maji yale yakarudi juu, na mtu aliye mbali anaona kama moshi mweupe umesimama ukingoni. Maji yanayopanda mlima! Mtunzi angelibuni hilo tungemwambia amezidisha. Chini ya piti kuna mawe magumu ya mchanga, yaliyoletwa na mito mikubwa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Mawe ya aina hiyo ndiyo yaliyochongwa kuwa mawe ya kusagia nafaka. Kusini ya hapo mawe ni ya chokaa, nchi ni nyeupe na ya kijani; huku juu ni nyeusi. Wenyeji wanaziita sehemu hizo mbili kwa rangi zake.

Sasa fungua Jane Eyre, ya Charlotte Brontë, 1847. Katika sura ya 28 Jane amemkimbia Bwana Rochester, ameshuka kwenye gari la farasi njia panda, kifurushi amekisahau ndani ya gari, hana senti. Nyika inamzunguka pande zote. Wasomi hukubaliana kwamba nchi hii inafuata maeneo ya Hathersage, ambako Charlotte alikaa mwaka 1845 kwa rafiki yake, na kutoka Hathersage mpaka Kinder ni kilomita zisizozidi 20. Jane anajiambia kwamba maumbile ni mama yake, analala kwenye erika chini ya mwamba, usiku ni mzuri, nyota zimejaa. Hapo ndipo mwanafunzi wetu anaandika, "Mandhari yanaleta hali ya utulivu." Na hapo ndipo anapofunga kitabu mapema! Maana kesho yake mama huyo hana chakula. Alichokuwa ametoa ni kiganja cha vitunda vyeusi vya porini. Jane anateremka kijijini, anataka kubadilisha leso na glavu zake kwa mkate, anakataliwa, anaishia kula uji uliopoa ambao ulikuwa unaenda kwa nguruwe. Usiku mwingine ni mvua, na anakaribia kufa.

Kwa maoni yangu hizo ni miongoni mwa kurasa bora za nyika katika Kiingereza, na ubora wake si maneno matamu. Charlotte anajua udongo. Piti haioti nafaka. Nyika ya mlimani inaweza kulisha kondoo na ndege, lakini mtu haimlishi, na ndiyo sababu nyumba ni chache na mlango mmoja ukifungwa hakuna wa pili. Njaa ya Jane imetoka ardhini, ikapita kwenye milango ya watu, ikaingia tumboni. Ukiondoa mandhari hadithi haisimami. Hiyo ndiyo inayoitwa maudhui, bwana, hata kama kitabu cha uhakiki kimeiweka kwenye fani.

Dada yake, Emily, alitoa Wuthering Heights mwaka huohuo, na hapa nina neno na wanaoisifia kwa "maelezo yake ya ajabu ya nyika". Nimerudia kuisoma nikiwa na penseli. Maelezo ya nyika ni machache mno! Sehemu kubwa ya riwaya inatokea ndani: jikoni, ngazini, kitandani, dirishani. Ule uwanda mpana wenye wapenzi wawili na upepo kwenye nywele umetufikia zaidi kwa njia ya sinema, na ile maarufu ya mwaka 1939, ya William Wyler, ilipigwa California. Emily ana nyumba mbili zilizo mbali maili nne, na katikati yake nyika ambayo watu wanaivuka wakirudi wamelowa, wameumwa na mbwa, au wameugua. Anatuonyesha kila kilichofanywa na nyika, yenyewe anaitaja kidogo tu. Vijana wenzangu, hiyo ni kazi ngumu kuliko aya nzima ya ukungu.

Halafu kuna jambo ambalo mapenzi ya Heathcliff yametufunika macho tusilione. Riwaya hii inahusu hati za ardhi. Heathcliff, yule mtoto wa kuokotwa, anaondoka miaka mitatu, anarudi na fedha, anamwacha Hindley acheze kamari na kuweka shamba rehani, na rehani anaishika yeye. Nyumba ya pili anaipata kwa kumwoza mwanawe kwa nguvu. Mwisho wa yote mwenye nyika ni yeye. Wanaosema Emily alikuwa binti wa mchungaji aliyeota ndoto kilimani hawajasoma mambo ya rehani.

Simpunji Arthur Conan Doyle, lakini sitampa maksi nyingi. The Hound of the Baskervilles, iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1901 na 1902, iko Dartmoor, kusini-magharibi, ambako nyika imekaa juu ya mawe ya matale. Pale ukungu unatembea kama mtumishi wa nyumbani: msuko wa hadithi ukiuita, unakuja, ukiambiwa utoke, unatoka. Kinamasi kinameza farasi kwa wakati unaofaa. Inasisimua, sikatai, niliimaliza usiku mmoja. Ila hii ndiyo nyika tuliyoiazima sisi, nyika ya kutisha watu, na tumeiacha ile ya Charlotte yenye njaa. Hata Doyle mwenyewe alitupa kitu bora ambacho hatukukichukua: aliliweka gereza la Dartmoor, ambalo lipo kweli, katikati ya mchezo, na mfungwa aliyetoroka anaganda kwa baridi huku mabwana wakijadili laana ya ukoo.

Turudi Kinder, maana hapo hati za ardhi ziliacha kuwa jambo la riwaya. Zamani wanavijiji walikuwa na haki zao za malisho kwenye vilima hivi. Kwa sheria za kugawa na kuzungushia ardhi, zilizoendelea hadi karne ya 19, nyika ikawa mali ya watu wachache, miongoni mwao kabaila mkubwa, Duke wa Devonshire. Wakaitumia kuwindia ndege wa jamii ya kwale anayeishi kwa kula machipukizi ya erika. Ili machipukizi yawepo, erika huchomwa kwa vipande kwa zamu. Kwa hiyo ile zulia ya zambarau ambayo mshairi anaiita maumbile yasiyoguswa na mkono wa mtu ni, kwa sehemu kubwa, shamba la kufugia shabaha. Wakawekwa mabwana nyama wenye fimbo, na mtu wa kawaida akafukuzwa, ingawa uwindaji wenyewe ulikuwa siku chache tu za mwaka. Wakati huohuo chini, pande zote mbili za kilima, kulikuwa na majiji ya viwanda, na vijana waliofanya kazi wiki nzima kwenye vumbi na mashine, wakiuona mlima kila siku.

Jumapili ya tarehe 24 Aprili 1932, vijana kama mia nne, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, walitoka kijiji cha Hayfield wakapanda kwa makusudi kwenye ardhi iliyokatazwa. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi, Benny Rothman wa Manchester, alikuwa na miaka 20. Wakasukumana na mabwana nyama, wakashuka, polisi wakawa wanawangoja chini. Vijana watano walifungwa, kuanzia miezi miwili mpaka sita, kwa makosa kama ya kufanya fujo, siyo kwa kuingia ardhi ya mtu. Mwaka 1951 eneo hilo likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, na sheria ya mwaka 2000 ikawapa watu haki ya kutembea kwenye nyika nyingi za Uingereza na Wales. Mwaka 2002, katika kumbukumbu ya miaka 70, Duke wa wakati huo alisimama hadharani akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa enzi ya babu yake. Rothman alifariki mwaka huohuo.

Kitu kilichotoka kwenye siku ile kikadumu katika sanaa ni wimbo, siyo riwaya. Ewan MacColl, kijana wa Salford mwenye miaka 17, aliuandika mwaka huo wa 1932, na unaimbwa hadi leo. Unaanza kwa kutaja mahali kwa majina, unaweza kufuata kwa kidole kwenye ramani; unaingia kwenye mabishano ya mtembezi na bwana nyama juu ya nani mwenye mlima; unapiga hesabu ya siku za bosi na siku ya mtu mwenyewe. Hauna ukungu hata chembe. Wenzangu wanaopenda kusema kwamba sanaa yenye siasa lazima iwe kavu wausikilize kwanza.

Hata hivyo MacColl naye ana upofu wake. Mtembezi wake anapita juu ya udongo unaokufa na haoni. Piti inajengwa hasa na mmea mdogo laini kama sponji, sfagnamu, nao haustahimili sumu ya moshi wa makaa ya mawe. Moshi wa Manchester na miji jirani ulianguka juu ya vilima hivi kwa zaidi ya miaka mia, sfagnamu ikafa, kondoo na moto vikafanya lililobaki, piti ikabaki uchi, mvua ikawa inaikokota. Mashine zilezile zilizomchosha kijana kuanzia Jumatatu ndizo zilizokuwa zikiua mlima aliokuja kupumzikia Jumapili. (Na moshi ule si wa mbali nasi kama tunavyodhani: pamba iliyoanza kulimwa Uganda kwa ajili ya biashara mwaka 1903 ilikusudiwa viwanda hivyohivyo vya Lancashire.) Aliyekaribia kuviona vyote viwili katika tazamo moja ni Ted Hughes, katika Remains of Elmet, 1979, akiwa na picha za Fay Godwin: makombora ya viwanda na nyika, vyote vikioza pamoja. Ni nchi ya kaskazini kidogo ya Kinder, lakini mvua ni ileile. Godwin baadaye alikuwa rais wa chama cha watembezi wa miguu cha Uingereza, na nadhani ukitazama nyua zake na mabango yake ya "marufuku" utajua mpiga picha alisoma hati kabla hajafungua kamera.

Tangu mwaka 2003 kuna mradi mkubwa wa kurudisha uhai wa nyika hizi. Wanaziba makorongo kwa mawe, wanapanda nyasi kwanza ili zishike udongo, halafu sfagnamu, kwa mkono, kijiche kwa kijiche. Njia nazo zimetandikwa mawe, kwa sababu miguu ya watu waliopigania kupita ilikuwa imeanza kuumiza piti. Ile njia ndefu inayoanzia kijiji cha Edale, iliyofunguliwa mwaka 1965, ilipita moja kwa moja juu ya uwanda. Ikabidi ihamishwe ipite pembeni. Na mabamba mengi ya mawe yaliyotandikwa kwenye njia za vilima hivyo yametoka kwenye sakafu za viwanda vya pamba vilivyobomolewa, yakapandishwa kwa helikopta. Fikiria mjukuu wa yule kijana wa mwaka 1932, anatembea mlimani juu ya sakafu aliyosimamia babu yake. Riwaya yake sijaiona. Ikiwa ipo, naomba kuazimwa.

Ndiyo maana ule ukungu wa Magomeni unanikera. Siukatai kwa sababu ni wa Kizungu. Anayetaka kuandika juu ya Uingereza aandike, ila aende na ramani. Nauona ni wa uvivu. Mwandishi aliyesoma kweli hao akina Brontë angerudi Magomeni akauliza maswali yao: maji ya mvua yanakwenda wapi, nani ana hati ya kiwanja hiki, nani alibomolewa, mhusika wangu akikosa senti atagonga mlango gani. Na kama ni mwezi wa pili saa nane mchana, basi ni joto. Na joto nalo lina watu wanaolikimbia na watu wasio na pa kulikimbilia.

Limebaki suala la neno. Mwenzangu mmoja anayejaribu kutafsiri sura ile ya 28 ameandika "pori", na mimi nimemwambia pori lina miti, Jane angepata kuni na kivuli. "Nyika ya mlimani" ni maneno mawili mazito, yanachosha ukiyarudia mara kumi katika ukurasa. Wenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro, Meru na Mlima Kenya, ninyi ambao bibi zenu walikwenda juu ya msitu au walikatazwa kwenda, pale penye erika na mawingu mnapaitaje nyumbani? Leteni neno kwa mhariri, na mseme ni la lugha gani.